Kilomita 5 za kwanza: jinsi ya kujiandaa na mbio ukiwa Kigoma

Mtu mzima mwenye afya ya kawaida, ambaye leo akipanda kwa miguu kutoka stesheni hadi Mwanga anafika akihema, anaweza kukimbia kilomita 5 bila kusimama baada ya wiki tisa. Nalisema hili bila wasiwasi, kwa sababu nimeliona kwa mama lishe, kwa walimu, na kwa vijana wa bodaboda ambao kutwa nzima wamekaa juu ya pikipiki. Wanaoacha njiani kwa kawaida hawaachi kwa kukosa nguvu. Siku ya kwanza wanatoka mbio kama wanakimbizwa, siku ya pili miguu haishuki ngazi, wiki ya pili raba zimerudi uvunguni. Ukishika jambo moja tu katika mwongozo huu, basi shika hili: kimbia polepole kuliko unavyodhani inafaa, na uendelee hivyo kwa muda mrefu kuliko unavyopenda.

Kilomita 5 ni mizunguko kumi na miwili na nusu ya uwanja wenye njia ya mita 400. Ndio umbali ambao Suleiman Nyambui aliukimbia Moscow mwaka 1980 akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Yeye alitumia dakika 13 na sekunde zake. Wewe ukitumia 35, 40 au hata 45, umekimbia umbali uleule.

Hatua ya kwanza: soma tangazo, kisha hesabu wiki kurudi nyuma

Matangazo mengi yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp huandika "marathon" kwa herufi kubwa, na chini yake kuna kilomita 42, 21, 10 na 5. Hakikisha umejiandikisha ya 5. Wapo wanaolipia 10 kwa sababu rafiki kalipia 10, kisha wanatembea nusu ya njia jua likiwa utosini. Soma pia mahali pa kuanzia, saa ya kuanza, siku na mahali pa kuchukua namba na fulana, na kama njia ni ya lami au ya vumbi.

Ukishaijua tarehe, hesabu wiki tisa kurudi nyuma. Hiyo ndiyo siku yako ya kuanza mazoezi. Kama zimebaki wiki nne tu, bado unaweza kushiriki, ila nenda ukijua kwamba utakimbia na kutembea kwa zamu. Mbio za kilomita 5 zinaruhusu hivyo na hakuna atakayekuzuia.

Kama una uhuru wa kuchagua msimu, anza Juni. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na mvua za Kigoma huja na radi kali. Kati ya Juni na Agosti asubuhi kuna ubaridi kidogo na njia zimekauka. Shida ya miezi hiyo ni vumbi, kwa hiyo kimbia mapema kabla magari hayajaanza kulitimua.

Hatua ya pili: pitia zahanati

Kama umevuka miaka 40, kama una presha, sukari, pumu au ugonjwa wa moyo, kama ni mjamzito au umejifungua karibuni, au kama umewahi kusikia maumivu ya kifua ukipanda mlima, kapimwe kwanza na umweleze daktari unachotaka kufanya. Wengi wataruhusiwa, ila wataruhusiwa wakijua hali zao. Kupima presha ni suala la dakika chache.

Hatua ya tatu: viatu, na kidogo kuhusu nguo

Hapa ndipo nataka utumie muda wako na fedha yako. Fulana utapewa siku ya mbio, bukta unayo, lakini kiatu kibovu kitakupa maumivu ya goti ambayo utadhani ni uzee.

Wengi wetu tutanunua mitumba, na mitumba mizuri ipo, mara nyingi bora kuliko raba mpya za bei rahisi zenye soli ngumu. Nenda alasiri, siyo asubuhi, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na hivyo ndivyo itakavyovimba ukikimbia. Nenda na soksi utakazokimbilia. Ukishika kiatu, fanya haya kabla hujauliza bei. Kwanza kishike mbele na nyuma ukipinde: kinatakiwa kupinda pale vidole vinapokunjika, siyo katikati ya unyayo. Kikipinda katikati kama kandambili, kirudishe. Pili, bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Ile sponji ibonyee kidogo na irudi. Ikiwa ngumu kama ubao, kiatu hicho kimeshakwisha hata kama juu kinang'aa kwa kupigwa brashi. Tatu, weka vyote viwili juu ya meza, uvitazame kwa nyuma, usawa wa visigino. Kama kimoja kimelala upande, aliyekivaa kabla yako alikuwa anakanyaga upande huo, na wewe utakanyaga hivyohivyo. Nne, chungulia pale soli inapoungana na kiatu, uone kama gundi ya fundi imeshapita. Gundi siyo kosa, lakini raba iliyobandikwa itabanduka tena siku ya mvua.

Mwisho vaa vyote viwili, usimame. Kati ya kidole kirefu kuliko vyote na mwisho wa kiatu pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba. Kiatu kinachokutosha kabisa dukani kitakung'oa kucha kwenye miteremko ya mji huu. Kimbia hatua ishirini pale pale mbele ya banda. Muuzaji mzuri hatakukataza.

Nguo ziwe nyepesi na zisizosugua. Kina dada, sidiria ya michezo siyo anasa, na ukiikosa, sidiria mbili zinazobana, moja juu ya nyingine, zitasaidia. Anayejisitiri akimbie na suruali nyepesi, fulana ndefu ya mikono na mtandio wa kitambaa chepesi uliobanwa vizuri usipepee usoni. Pale nguo inaposugua, kwapani, katikati ya mapaja, chini ya mkanda wa sidiria, paka mafuta ya mgando kabla ya kutoka.

Hatua ya nne: wapi na saa ngapi

Miongozo mingi husema kimbia saa kumi na mbili asubuhi. Kwa Dar es Salaam ni ushauri mzuri. Sisi tuko magharibi kabisa mwa nchi lakini saa yetu ni moja na yao, kwa hiyo jua letu huchelewa kwa karibu dakika 40. Sehemu kubwa ya mwaka linachomoza karibu na saa moja, na saa kumi na mbili kamili bado kuna giza. Ukitaka asubuhi, toka saa kumi na mbili na nusu, mwanga unapoanza kuonyesha mashimo. Faida yetu iko jioni: jua linazama karibu saa moja usiku, na hivyo aliyetoka kazini saa kumi na nusu ana nafasi nzuri ya kukimbia kuanzia saa kumi na moja, joto likiwa limepungua, na kurudi kabla ya giza.

Kwa wiki tatu za kwanza tafuta ardhi tambarare, na ninajua kwamba Kigoma hilo ni jambo la kutafuta kweli. Upande wa Katubuka, kuelekea uwanja wa ndege, kumetulia. Viwanja vya mpira vya shule ni vizuri zaidi: vina udongo au nyasi, havina gari, na vina watu wanaokuona ukianguka. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu au mlinzi. Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa 68 ukiuzunguka kando ya mistari ni mita 346, kwa hiyo mizunguko kumi na minne na nusu inakupa kilomita 5. Viwanja vya shule mara nyingi ni vidogo kuliko hapo, basi pima kwa hatua zako.

Barabarani, kimbia upande wa kulia ili magari ya upande wako yaje yakiwa mbele ya macho yako. Bodaboda isiyo na taa ndiyo hatari kubwa ya jioni zetu, kwa hiyo vaa fulana nyeupe au ya njano. Ukiweka muziki, acha sikio moja wazi. Wanawake, kama mnaweza, muwe wawili au zaidi, na mtu wa nyumbani ajue mnapita njia ipi. Radi ikianza kunguruma, ingia ndani ya nyumba au kwenye gari. Chini ya mwembe siyo mahali pa kujikinga.

Hatua ya tano: jifunze mwendo wako

Kila aliyesoma shule ya msingi nchini anajua mchakamchaka. Mlitoka alfajiri, mmoja akiimba mbele, wengine mkiitikia, miguu ikipiga kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa anashindana. Mliweza kuimba kwa sababu mwendo ulikuwa mdogo, na kwa sababu mwendo ulikuwa mdogo mlifika mbali. Waliopita JKT Bulombora wanajua kwamba kwa mwendo huo huo mtu huenda kilomita nyingi bila kujua zimekwendaje.

Huo ndio mwendo wa mazoezi yako yote ya wiki sita za mwanzo. Kipimo chake ni pumzi. Uweze kusema sentensi nzima bila kukata katikati. Hapa kwetu kipimo kinajileta chenyewe, kwa maana huwezi kumpita mzee aliyekaa barazani bila salamu. Akikuambia "mwakeye", ukaitikia vizuri na kumuuliza habari za nyumbani huku unaendelea, uko sawa. Ukiishia kuinua mkono tu kwa sababu sauti haitoki, umekwenda kasi, punguza. Kama kupunguza maana yake ni kukaribia kutembea, basi karibia kutembea. Misuli ya moyo, mishipa ya damu na mapafu hujengeka vizuri kwa mwendo huo, na mifupa pamoja na kano, ambazo huchelewa kuzoea kuliko pumzi, hupata nafasi ya kukomaa bila kuumia. Hii ndiyo sababu mtu hujisikia mzima wiki ya tatu, anaongeza kasi, na wiki ya nne mguu unamkatalia: pumzi imetangulia, mfupa umebaki nyuma.

Kuhusu mtindo, sina mengi. Simama wima, mabega yashuke, ngumi zisikazwe, mikono iende mbele na nyuma badala ya kukata kifua. Hatua ziwe fupi na nyingi, mguu utue chini ya mwili wako na siyo mbele yake. Pumua kwa mdomo na pua kwa pamoja. Ule ushauri wa kufunga mdomo na kupumua kwa pua peke yake utakunyima hewa bure.

Hatua ya sita: ratiba ya wiki tisa

Siku tatu kwa wiki zinatosha, na zisifuatane. Mimi napenda Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa kuwa Ijumaa na Jumapili zinabaki huru kwa ibada. Kila zoezi lianze kwa kutembea haraka dakika 5, kisha zungusha nyonga, inua magoti, rusha miguu mbele na nyuma taratibu. Lile zoezi la kuinama na kushika vidole vya miguu ukiwa bado wa baridi, liache hadi umalize kukimbia. Maliza kwa kutembea dakika 5 tena.

Wiki ya 1: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara nane.
Wiki ya 2: kimbia 2, tembea 2, mara sita.
Wiki ya 3: kimbia 3, tembea 2, mara tano.
Wiki ya 4: kimbia 5, tembea 2, mara nne.
Wiki ya 5: kimbia 8, tembea 2, mara tatu.
Wiki ya 6: Jumanne na Alhamisi kimbia 12, tembea 2, mara mbili. Jumamosi kimbia dakika 20 bila kutembea.
Wiki ya 7: 20, kisha zoezi la mlima, kisha 25.
Wiki ya 8: 25, kisha mlima tena, kisha 30 hadi 35.
Wiki ya 9: Jumanne 20, Alhamisi 15, halafu pumzika hadi mbio.

Utaona nimeandika dakika, sikuandika kilomita. Anayeanza akihesabu kilomita huwa anaharakisha ili zimalizike. Saa ya simu inatosha. Programu za kupima umbali ni nzuri, ila zinakula chaji na vifurushi, na zina tabia ya kumfanya mtu atazame kioo badala ya njia.

Wiki ikikushinda, irudie. Ukiugua na kukosa wiki nzima, rudi nyuma wiki moja kabla ya kuendelea. Usiunganishe mazoezi mawili uliyokosa kuwa siku moja. Siku za katikati tembea, endesha baiskeli, lima bustani, fanya unalofanya kila siku. Ukiongeza mara mbili kwa wiki dakika kumi za kuchuchumaa na kuinuka, kusimama juu ya vidole vya miguu kwenye ngazi, na kujishikilia kwa viwiko ukiwa umelala kifudifudi, magoti yako yatafaidika.

Na tafuta watu. Vikundi vya jogging viko kila mji sasa, vingine vya mtaa, vingine vya kazini, na karibu vyote hukutana Jumamosi au Jumapili asubuhi. Waambie wewe ni mgeni. Kikundi kizuri kina mtu wa kubaki nyuma na wa mwisho. Kama kikundi kinakuacha kila mara, siyo chako bado.

Hatua ya saba: mlima

Mbio zikiwa mjini kwetu, mlima utakuwepo. Chukua barabara ya Lumumba inayopanda kutoka stesheni kwenda Mwanga, maana inafundisha kila kitu. Chini pale, ziwa liko nyuma yako na miguu bado mipya, na unajiona unaweza kupanda kwa kasi uliyokuja nayo. Ndilo kosa lenyewe. Mlimani unatunza nguvu ileile, siyo kasi ileile. Fupisha hatua hadi ziwe karibu nusu ya za kawaida, mikono ipige kidogo zaidi, mwili uegemee mbele kuanzia kwenye vifundo vya miguu bila kukunja kiuno, macho yatazame mita chache mbele na siyo kileleni. Pumzi ikikatika, tembea kwa hatua ndefu, mikono juu ya mapaja ukipenda, kisha anza tena. Ukifika juu usikimbilie kuongeza. Subiri pumzi irudi.

Zoezi la wiki ya 7 na 8 ni hili: baada ya kupasha mwili moto, panda sehemu ya mlima inayokuchukua dakika 1, shuka ukitembea, rudia mara nne wiki ya 7 na mara sita wiki ya 8. Basi.

Kushuka kunaumiza kuliko kupanda, na wengi hawalijui hili. Ukishuka ukiwa umejirudisha nyuma na kupiga breki kwa visigino, mapaja ndiyo yanayobeba uzito wote, na kesho yake hutakaa kwenye kigoda. Hatua ziwe fupi na za haraka, magoti yalegee, mwili ufuate mteremko. Panapokuwa na kokoto, tembea.

Chakula na maji

Huhitaji chakula maalumu. Ugali, wali, viazi vitamu, ndizi, maharage, dagaa, migebuka, mboga za majani: vyakula vya Kigoma vinamtosha mkimbiaji. Suala ni saa. Mlo mkubwa uwe umepita saa mbili hadi tatu kabla ya kukimbia, hasa ukiwa na maharage au mawese mengi, kwa sababu mafuta na maharage hukaa tumboni. Ukitoka asubuhi, ndizi mbivu moja au kipande cha kiazi na chai nusu saa kabla vinatosha, na wengine hukimbia bila kitu wakawa sawa kwa zoezi la nusu saa.

Kunywa maji siku nzima, uone mkojo una rangi hafifu. Kwa zoezi la chini ya dakika 40 huhitaji kubeba chupa. Baada ya kukimbia kula mlo wa kawaida wenye protini, na hapo mgebuka wa kuchoma hauna mpinzani.

Kwa wanaofunga Ramadhani, punguza hadi zoezi jepesi nusu saa kabla ya kufuturu, au kimbia baada ya tarawehe kama mtaa wako una taa. Mwezi huo lengo liwe kutopoteza ulichojenga. Usiongeze dakika.

Maumivu: lipi la kuvumilia, lipi la kusimamia

Uchovu wa mapaja na vigimbi siku moja au mbili baada ya zoezi ni wa kawaida na huisha wenyewe. Kichomi cha ubavuni ukiwa unakimbia, punguza mwendo, toa pumzi kwa nguvu, bonyeza panapochoma. Mara nyingi kimeletwa na chakula kilichochelewa.

Maumivu kwenye ugoko, yaani ule mfupa wa mbele ya mguu, ni onyo kwamba umeongeza haraka au soli imekwisha. Pumzika siku kadhaa, weka barafu au maji baridi, rudi na dakika chache. Lakini maumivu yakikaa sehemu moja ndogo unayoweza kuigusa kwa kidole, na yakiuma hata ukitembea, acha kukimbia na umwone daktari: mfupa unaweza kuwa umeanza kupata ufa. Maumivu yanayobadilisha namna unavyokanyaga, goti linalovimba, kifua kinachobana, kizunguzungu, yote ni ya kusimama papo hapo.

Na homa. Tunaishi mkoa wenye malaria, na kuna watu wanaoamini kwamba jasho litaitoa. Haliitoi. Kukimbia ukiwa na homa kunaweza kuumiza moyo. Kapime, maliza dozi, subiri nguvu zirudi, anza tena kwa kutembea.

Siku ya mbio

Jana yake kula ulichozoea, chukua namba mapema, ibandike kwa pini nne kifuani, siyo mgongoni. Kama kuna chipu ya muda, ifunge walivyoelekeza. Usivae raba mpya wala fulana ya mbio ambayo hujaijaribu, maana kitambaa kipya husugua. Kata kucha za miguu siku mbili kabla.

Fika saa moja kabla, kwa sababu foleni ya choo ni ndefu. Fahamu pia kwamba mbio zetu mara nyingi husubiri mgeni rasmi, na wa kilomita 5 huondoka mwisho, baada ya wa 21 na 10. Beba ndizi moja na maji kidogo, kaa kivulini. Jukwaani atakuwepo mwalimu wa mazoezi na muziki mkubwa, watu wataruka nusu saa nzima. Ruka dakika tano, kisha jitoe ukatembee. Nguvu hizo utazitaka baada ya kilomita ya tatu.

Simama nyuma ya kundi. Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 kwa kutangulia mbele tangu mwanzo hadi mwisho, dakika 3 na sekunde 32.16, lakini alikuwa na miaka ya mazoezi nyuma yake. Watoto na vijana watakupita mita 300 za kwanza. Waache, wengi utawakuta wanatembea kabla ya kilomita ya pili. Kilomita ya kwanza uweze kuzungumza, ya pili na ya tatu uzungumze kwa shida kidogo, ya nne ni ya kuvumilia, na ya tano toa kilichobaki. Penye meza ya maji, chukua, sogea pembeni, tembea hatua kumi ukinywa, endelea. Usisimame ghafla katikati ya njia, wa nyuma atakuvaa.

Usipunguze kabla ya mstari wa mwisho. Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu alimaliza kilomita 42 akapata ubingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde. Vuka kwanza, ndipo uangalie saa.

Ukishavuka, usikae chini. Tembea dakika 10, kunywa maji, vaa nguo kavu, kula ndani ya saa moja. Siku mbili zinazofuata tembea tu. Siku ya tatu au ya nne, kama unashuka ngazi bila kushika ukuta, toka dakika 20 kwa mwendo wa mchakamchaka, bila mlima.